Wiki Thelathini na Saba za "Kifungo"

Alhamisi ilikuwa siku ya kuhesabu. Siku hiyo hakuna mtu pale kituo cha redio aliyemsogelea Bi Kura bila sababu, maana ilipofika saa sita mchana masanduku ya kadi za kura za wasikilizaji yaliletwa chumbani kwake pamoja na daftari la simu kutoka mapokezi, naye alifunga mlango, akavua viatu chini ya meza, akaanza. Kabla ya jioni alitakiwa awe na nyimbo arobaini zilizopangwa kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza, ili Jumamosi asubuhi mtangazaji azisome na watu wapate cha kubishania wiki nzima. Jina la Bi Kura alipewa na wenzake kwa utani, likamganda mpaka mkurugenzi naye akalizoea.

Miaka sita ya kazi hiyo ilimfundisha tabia za nyimbo kama mkunga anavyozijua tabia za watoto. Nyingi huingia kwa kishindo: leo ya kumi, wiki ijayo ya tatu, ijayo tena iko juu kabisa, na kabla hujayashika maneno yake zimekwisha kusahaulika. Nyingine huchungulia mlangoni tu, zikiona hazikaribishwi zinajiendea zake. Lakini "Kifungo" haukufuata njia hii wala ile. Uliingia chati katika nafasi ya thelathini na nane. Wiki iliyofuata ukashuka hadi ya arobaini, kisha ukatoka, na kwa wiki mbili haukuonekana kabisa. Halafu ukarudi palepale mkiani, kama mtu aliyesahau mwavuli. Ukapanda nafasi moja, ukakaa hapo ukivuta pumzi, ukapanda mbili, ukateleza moja. Mwenda pole hajikwai, ndivyo wanavyosema, ila huu ulikwenda pole mpaka ukaudhi. Sasa ilikuwa wiki ya thelathini na saba, na wimbo ulikuwa wa pili.

Wasikilizaji hawakujua kwamba wimbo ule uliimbiwa mtu. Pale kazini waliojua walikuwa watatu: mkuu wa vipindi, mzee wa mitambo, na Bi Kura mwenyewe, kwa sababu mtu huyo alikuwa yeye.

Mwimbaji wake alikuwa mwandika mabango. Watu wa mjini walimwita Brashi, na nusu ya maduka waliyoyaingia yalikuwa na majina yaliyotoka mkononi mwake. Alikutana na Bi Kura alipokuja kuandika jina la redio ukutani. Bi Kura alipita na glasi ya maji, akamwambia kwamba herufi ya kwanza imeinama. Brashi akashuka, akaitazama kwa makini, akajibu kwamba haikuinama, ilikuwa inamsalimia. Kicheko cha siku ile ndicho kilichowafunga kamba. Mwaka na nusu wakawa chanda na pete.

Kisha Brashi akaenda kumwomba kwa Shangazi, apate kumwoa. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba wa Bi Kura, mshona sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, aliyemlea Bi Kura tangu akiwa na miaka tisa. Asubuhi ya siku hiyo Bi Kura alimshonea Brashi kifungo cha shati kilichotaka kudondoka, akakata uzi kwa meno, akamwambia asiogope. Shangazi alimkaribisha mgeni vizuri, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, nitajie kitu kimoja ulichokianza ukakimaliza."

Brashi aliacha chuo cha ufundi mwaka wa pili. Alikuwa na nyimbo kumi na saba, zote za nusu nusu. Chumba alichopanga alikipaka rangi kuta tatu. Bi Kura aliyajua yote hayo, na Brashi alijua kwamba anayajua. Akamgeukia, kwa jicho la mtu anayeomba kushikwa mkono. Bi Kura akainamisha macho sakafuni.

Hakukosa la kusema. Swali lile alikuwa nalo moyoni kwa miezi mingi, na kulisikia kinywani mwa mtu mwingine kulimtia haya, kama mtu aliyekutwa akichungulia dirishani. Alipoinua uso, Brashi alikuwa amekwisha kusimama. Alimshukuru Shangazi kwa chai, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mmoja akangoja afuatwe, mwingine akangoja aitwe, na miaka miwili ikapita katikati yao.

Siku mzee wa mitambo alipoleta wimbo mpya na kuujaribu studio, Bi Kura alikuwa amesimama mlangoni na jalada mkononi. Alisikia habari za mwanamume mwenye shati ambalo vifungo vyake vyote vimekatika, kimebaki kimoja tu alichoshonewa asubuhi ya kuachwa. Akakaa chini. Mzee wa mitambo alizima, akamletea maji.

Jioni ileile Bi Kura alikwenda kwa mkuu wa vipindi akamwambia ukweli wote, akaomba asiguse kura za wimbo ule hata moja. Tangu siku hiyo kura za "Kifungo" ziliwekwa katika sanduku lao peke yao, mzee wa mitambo akazihesabu na kutia sahihi, na Bi Kura akanakili jumla tu. Hakulifungua sanduku lile hata mara moja. Wala hakumpigia Brashi simu. Wimbo ulipokuwa wa thelathini na nane aliona ataonekana anamhurumia. Ulipofika wa kumi aliona ataonekana anafuata jina. Kila wiki aliitafuta siku inayofaa, na siku inayofaa haikutokea.

Alhamisi hiyo, saa nane na robo, dada wa mapokezi alipiga simu kusema kwamba chini kuna fundi mabango anamwulizia. Bi Kura alishuka ngazi za ghorofa mbili kabla ya kujua kwamba anashuka.

Brashi alikuwa amesimama karibu na dirisha, kofia mkononi, rangi ya buluu kwenye kucha. Alikuwa amepungua kidogo. Hakuvaa kama nyota wa muziki hata kidogo. Alivaa kama mtu aliyetoka kazini na atakayerudi kazini. Walitazamana muda ambao dada wa mapokezi, baadaye, aliusimulia kwa watu sita tofauti. Kisha Brashi akatazama chini.

"Umesahau viatu," akasema.

"Alhamisi huwa sivai."

"Nilikuwa sijui."

"Hukuwahi kuja Alhamisi."

Akampeleka katika chumba cha santuri za zamani, ambako palikuwa na benchi moja na vumbi la kutosha. Alimwachia nafasi ya kukaa. Brashi hakukaa. Alikuwa na neno aliloliandaa njiani, na ilionekana akilichelewesha litampotea.

"Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Uutoe."

"Niutoe nini?"

"Wimbo. Uutoe kwenye chati."

Alieleza kwa kifupi, macho yakiwa kwenye kofia. Wanamuziki wenzake walikuwa wanasema mengi. Mmoja alimwambia usoni kwamba hakuna wimbo unaotambaa wiki thelathini na saba kwa nguvu zake wenyewe, na kwamba wanamuziki wote wanajua ni nani anayekaa kwenye meza ya kuhesabu. Brashi alicheka siku hiyo, lakini usiku hakulala. Kila wimbo ulipopanda nafasi moja aliona mkono wa Bi Kura chini yake, ukimsukuma kwa huruma.

"Nilishaonekana nusu mtu mbele yako mara moja," akasema. "Sitaki kubebwa. Bora nirudi mkiani kwa miguu yangu."

Bi Kura alihisi damu ikimpanda masikioni. Miezi tisa alijinyima hata kulitazama lile sanduku, na sasa anaambiwa amelijaza yeye.

"Unadhani mimi ni mwizi," akasema taratibu.

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo, ila umechagua maneno ya upole. Kaa hapo."

Akatoka, akarudi na mzee wa mitambo, na mzee wa mitambo akarudi na sanduku. Mzee yule hakuwa mtu wa mizunguko. Alimwambia Brashi kwamba kura zake zote amezihesabu yeye, kwa miwani yake mwenyewe, na kwamba binti huyu aliyemtuhumu aliomba afungiwe nje ya jambo hili tangu wiki ya kwanza. Akaongeza kwamba wimbo wenyewe yeye haupendi sana, gitaa linachelewa. Akaweka sanduku kwenye benchi, akaondoka na kuvuta mlango nyuma yake, lakini si mpaka mwisho.

Brashi akachukua kadi ya juu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayeogopa kuichafua.

"Isome," akasema Bi Kura. "Mimi sijawahi."

Akaisoma kwa sauti. Iliandikwa na mwanamke. *Mume wangu ana kifungo cha miaka mitano, imebaki miezi kumi na moja. Huyu kaka ameimba kama aliyekaa na mimi pale getini. Upigeni tena, na wenzangu wa foleni ya Jumapili wanausubiri.* Akachukua ya pili. Ilikuwa ya mama ambaye mwanawe alikuwa amefungwa, na ya tatu ya bibi aliyesema mjukuu wake anatoka mwezi ujao na shati lake amekwisha kulipiga pasi. Ya nne ilitoka kwa wauguzi wa wodi fulani, zamu ya asubuhi. Ya tano ilikuwa ya fundi viatu, aliyeandika kwamba yeye hana mfungwa wala hana shati zuri, ila wimbo huu kila ukipigwa mkono wake unakwenda vizuri.

Brashi alikaa kwenye benchi.

"Lakini mimi niliimba shati," akasema.

"Wao wamesikia gereza."

"Wiki zote hizi?"

"Inaonekana walianza wale wa foleni. Wakaambiana, mmoja kwa mwingine. Kisha wakawaambia majirani." Bi Kura alikaa naye, sanduku likiwa katikati yao. "Ndiyo maana ulipanda polepole. Watu wenyewe ni watu wa kungoja."

Brashi aliishika ile kadi ya kwanza muda mrefu. Akajaribu kucheka, kicheko kikakwama njiani, akajifuta macho kwa nyuma ya mkono na kujipaka buluu kidogo shavuni. Bi Kura aliiona ile rangi, akaona na vidole vyake vinataka kwenda kuifuta, akavikunja.

"Nisamehe," akasema Brashi. "Nimekuja na maneno mabaya."

"Umekuja, hata hivyo."

Bi Kura aliinama ndani ya sanduku ili apate mahali pa kuweka uso. Chini kabisa, upande mmoja, palikuwa na fungu la kadi lililofungwa kwa mpira. Mzee wa mitambo alikuwa na desturi ya kuweka pamoja kadi za mpiga kura mmoja, ahakikishe hapigi mara mbili katika wiki. Nyuma ya fungu aliandika: *Huyu hajakosa hata wiki moja.* Zilikuwa thelathini na saba. Hazikuwa kadi za dukani. Zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye makasha ya nyuzi, kingo zimenyooka kama rula. Kila moja iliandikwa maneno yaleyale matatu, jina la wimbo na "Mshona Sare", kwa penseli ya buluu ya kuchorea kitambaa.

Bi Kura alizitazama mpaka zikaanza kuonekana mbilimbili.

"Nani huyo?" akauliza Brashi.

Badala ya kujibu, akampa ashike mwenyewe. Brashi aliwahi kuuona mwandiko ule mara moja tu, kwenye vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwenye sare ukutani, siku aliyokunywa chai yake ya mwisho katika nyumba ile. Kwa mtu anayeishi kwa herufi, mara moja inatosha.

"Hata zile wiki mbili wimbo ulipotoka," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata hizo. Ile ya pili ya hizo zilikuja kadi nne tu. Moja ni yake."

Bi Kura alikuwa na kazi ya kumaliza. Alimwambia kwamba akitaka kuondoka aondoke, na akitaka kungoja, mapokezi pana kiti. Kisha akapanda ngazi, akahesabu nyimbo thelathini na tisa, na saa kumi na moja mzee wa mitambo akamletea karatasi yenye jumla ya wimbo wa arobaini. Aliisoma mara mbili. Akaijaza mahali pake, akafunga daftari, akavaa viatu. Chini alimkuta Brashi amelala ameketi, kofia magotini, shavu bado na buluu. Hakumwambia kilichomo kwenye daftari, maana ilikuwa siri mpaka Jumamosi, na Brashi alipoamka hakuuliza. Wakaenda kwa Shangazi kwa miguu, fungu la kadi likiwa mkobani mwa Bi Kura.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye cherehani, pini nne mdomoni, akipindisha ukosi wa shati la mtoto. Aliwatazama juu ya miwani, akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Mmechelewa," akasema.

"Shangazi, hukujua tunakuja."

"Nimejua kwa miaka miwili."

Bi Kura aliweka lile fungu la kadi kwenye meza, juu ya kitambaa cheupe. Aliuliza kwa nini, kama alikuwa anampigia kura kila wiki, hakusema neno hata moja nyumbani, huku akimwona yeye akila bila hamu na kulala mapema kama mgonjwa.

Shangazi alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, na mchovu zaidi.

"Mimi sikumkataa mtu," akasema. "Niliuliza swali. Ninyi wawili ndio mliokimbia, mmoja kwa miguu na mwingine kwa macho." Akamgeukia Brashi. "Siku ile ulipotoka nilikuangalia mpaka ukakata kona. Nikasema, nimemvunja mtoto wa watu. Nikangoja urudi unijibu, hata kwa hasira. Hukurudi. Halafu siku moja nimekaa hapa, redio inaimba, nikakusikia. Nikausikiliza mpaka mwisho, mwanangu, maana nilitaka kujua kama una mwisho. Ukawa nao. Nikachukua mkasi nikakata kadi."

Brashi alichukua kadi moja kutoka kwenye fungu, akapitisha kidole ukingoni.

"Na mimi je?" akauliza Bi Kura. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya kwa sababu Shangazi kasema. Tangu una miaka tisa unafanya nisemacho. Hili nilitaka ulifanye mwenyewe."

Bi Kura alimtazama yule mwanamume aliyesimama karibu na mlango, kama aliye tayari kutoka tena asije akamsumbua mtu, akajua kwamba akinyamaza mara ya pili hakutakuwa na wimbo wa kuja kumwokoa.

"Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakuona hivyohivyo," akamwambia. "Sitakudanganya. Nilikuwa na shaka na wewe, na nilikupenda, vyote viwili pamoja, nikashindwa kujua kipi nikiseme. Ningeweza kusema kwamba sijui utamaliza nini, lakini nitakuwa nawe ukijaribu. Ilikuwa sentensi moja tu. Nimeibeba miaka miwili."

Brashi hakumkimbilia. Alisogea hatua mbili, akasimama upande wa pili wa meza ya Shangazi.

"Nami ningeweza kubaki," akasema. "Ningesema, Mama, sijamaliza kitu, nipe muda. Nilichagua kuumia, maana kuumia ni rahisi." Akavuta pumzi. "Bado naogopa. Usiniambie nije kwa haraka."

"Sijasema haraka. Njoo Jumamosi."

Shangazi alivaa miwani yake, akamwambia kijana kwamba mafuta ya taa yako nyuma ya mlango, aoshe hiyo rangi usoni kabla hajagusa vitambaa vyake. Brashi akaenda kutafuta kitambaa kibovu. Bi Kura akamfuata, akamnyang'anya, akamfuta mwenyewe, taratibu, na buluu ilipokwisha kutoka aliendelea kufuta.

Jumamosi Brashi alikuja saa nne kasoro robo, amevaa shati lililopigwa pasi. Shangazi alimkaribisha, akampa chai, kisha akanyoosha mkono akazima redio, maana kwake yeye mgeni na redio havikai chumba kimoja. Kwa hiyo watu watatu katika mji mzima, pengine hao peke yao, hawakumsikia mtangazaji akianza kuisoma chati kuelekea namba moja.

Brashi alizungumza akimtazama Shangazi, kisha, kidogo kidogo, akimtazama Bi Kura. Alisema ana kazi ya mabango ya hospitali nzima, miezi mitatu. Alisema chumba sasa kina kuta nne zenye rangi. Alikuwa ameanza kusema lile hasa lililomleta, mara makelele yakalipuka nje: jirani wa upande wa pili alikuwa anagonga dirisha kwa kiganja, akiuliza kama wamesikia, wimbo umefika, umezipita zote kwa kadi kumi na moja, na wanawake wa mtaa wa nyuma wametoka nje wanacheza.

Bi Kura alikuwa anajua tangu Alhamisi. Alimtazama Brashi aone atafanya nini.

Brashi alifungua dirisha, akamshukuru jirani kwa adabu, akamwambia atatoka baadaye. Akalifunga. Akarudi kwenye kiti chake, akalinyoosha shati lake, na kwa muda akaonekana kama aliyepoteza njia.

"Nilikuwa nimefika wapi?" akauliza.

"Ulikuwa unaniomba," akasema Bi Kura. "Nami nimekubali."